Harufu Kwenye Bomba la Mwisho

Barua ya kumfukuza Fundi kazi ilikuwa imeshachapwa. Ilikuwa katikati ya meza ya Meneja, na juu yake imelazwa kalamu, kama kisu kinachongoja kitunguu.

"Saa kumi alasiri nasaini," alisema Meneja. "Saa kumi na robo askari wanamchukua. Miaka ishirini na miwili namwamini mtu na dawa ya maji, kumbe anawanywesha watu sumu! Kazi yako wewe ni ndogo tu, Bi. Zunguka kidogo, kunywa chai, uniandikie ripoti kwamba nimefanya sawa."

"Chai nitakunywa," alisema Bi Pua. "Ya maji gani?"

Meneja alikohoa. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na kreti tatu za maji ya chupa zilizofunikwa kwa pazia kuukuu, lakini Bi Pua alikuwa ameshaziona tangu alipovuka kizingiti. Akaghairi chai.

Alikuwa mkaguzi wa maji kutoka makao makuu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na kisanduku cha vipimo begani. Jina la Bi Pua alipewa na mafundi bomba, nao hawakumwonea. Wanasimulia kwamba siku moja alisimama njia panda, akanusa mara mbili, akatamka kwamba kuna panya amekufa ndani ya bomba la inchi sita, mtaa wa tatu kutoka pale, na amelalia ubavu wa kushoto. Wakachimba, wakamkuta. Ubavu ulikuwa wa kulia, lakini Bi Pua alishikilia mpaka leo kwamba wao ndio waliomgeuza kwa sululu.

Safari hii kilichomleta kilikuwa karatasi moja ya maabara kuu. Maabara ilikuwa imepima maji ya mitaa miwili inayolishwa na mtambo uleule. Mtaa wa Chini, ulio ubavuni mwa mtambo, maji yake yalikuwa ndani ya kikomo. Mtaa wa Juu, unaopata maji kupitia tangi la kilimani, yalikutwa na trihalomithani mara mbili ya kikomo. Neno refu kama treni ya mizigo. Meneja alikuwa amejaribu kulitamka mara tatu, akakwama kwenye behewa la pili, akaamua kuliita "ile sumu".

Saa mbili na nusu Bi Pua alikuwa mtamboni.

Fundi alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyopauka kwa dawa. Alimkaribisha kwa adabu zote, akamfutia kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nimeambiwa unawanywesha watu sumu," alisema Bi Pua.

"Na mimi nimeambiwa hivyohivyo, Mama. Karibu uone jiko lenyewe."

Akamtembeza. Maji yaliingia kutoka bwawani yakiwa na rangi ya chai hafifu, maana mvua zilikuwa zimesomba majani ya kilima kizima. Yakatulizwa, yakachujwa kwenye mchanga, ndipo pampu ndogo ikayadondoshea klorini tone kwa tone. Ukutani, kwa kamba, lilining'inia daftari: kila nusu saa kipimo, kila kipimo kwa mwandiko wa Fundi, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, bila kuruka hata siku ya homa.

"Nieleze kama unamweleza mama mkwe wako," alisema Bi Pua. "Hiyo trihalomithani inatoka wapi? Umeinunua?"

Fundi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha sahau namna yake. "Hainunuliwi. Inajizaa yenyewe. Maji haya hata yakichujwa hubaki na ule utomvu wa majani, hauonekani kwa macho. Klorini kazi yake kuua vijidudu. Ikishamaliza vijidudu haikai kimya, inaushika ule utomvu, na wakishikana ndipo anapozaliwa huyo. Ukiwapa muda mrefu pamoja, wanazaa zaidi. Ukiwapa joto, zaidi. Ukizidisha dawa, zaidi."

"Na wewe umezidisha?"

"Daftari hilo hapo. Pampu hiyo hapo. Pima."

Bi Pua akapima. Alitoa kijichupa cha kioo kwenye kisanduku, akakijaza maji yanayotoka mtamboni, akatumbukiza kidonge kimoja, akatikisa. Maji yakageuka pinki ya wastani. Rangi hiyo ndiyo kipimo: klorini ikiwa nyingi pinki inakolea, ikiwa haba inafifia, isipokuwepo maji yanabaki meupe. Akalinganisha na kadi yake. Sawasawa na daftari.

"Tangi la kilimani linaangaliwa na nani?" aliuliza, akiwa bado ameinamia kadi.

"Mtu wa idara."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mtu wa idara, Mama."

"Umewahi kumpa dawa?"

"Pipa moja. La kusuuzia tangi, mara mbili kwa mwaka. Ndiyo taratibu." Fundi akageuka kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa tangu walipoingia. Alilifunga kwa nguvu zake zote.

Bi Pua alitoa kalamu. Aliandika neno moja kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari mara mbili, akaaga.

Mtu aliyefuata alikuwa Bwana Sabuni, mchukua sampuli. Huyu alikuwa msafi mpaka inaumiza. Alifuta kitasa kabla ya kukishika na baada ya kukishika. Watu walidai kwamba mkewe humpokea mshahara kwa koleo kwa sababu noti zinakuja zimeloa.

"Nionyeshe ulivyochukua sampuli za maabara," Bi Pua alimwambia. "Hatua kwa hatua. Usiruke hata moja."

Bwana Sabuni alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kumwomba kitu hicho. Alitoa chupa ndogo ya maabara, akaifungua kwenye sinki, akachungulia ndani, akakunja uso. "Unaona? Kila mara wanatuletea na uchafu. Vumbi jeupe huko chini. Watu wa maabara wale, koti jeupe tu, usafi hakuna." Akafungua bomba, akasuuza chupa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akaijaza hadi mdomoni bila povu hata moja, akaifunga, akaifuta, akaikabidhi kama anakabidhi mtoto mchanga.

Bi Pua alishika paji la uso.

"Kaka, lile vumbi jeupe ni dawa ya kuizima klorini. Wameliweka makusudi. Ukishateka maji, klorini isimame hapohapo, isiendelee kuzaa ndani ya chupa njia nzima mpaka maabara. Wewe umeliosha."

Bwana Sabuni alikaa chini, kwenye kiti ambacho hakukifuta. "Mara tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Chupa za vijidudu, chupa za chumvi, zote nazisuuza mara tatu. Sikumbuki mwaka niliowahi kukosea. Kwa hiyo Fundi anafungwa kwa ajili ya usafi wangu?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi. Kwa mkaguzi mwingine kesi ingeishia hapo: chupa zilioshwa, majibu hayafai, barua ichanwe, twende tukale. Bi Pua mwenyewe alishafunga kisanduku chake, mkono mmoja uko kwenye kitasa. Hapo akasimama.

"Chupa za Mtaa wa Chini nazo uliziosha?"

"Zote, Mama! Mimi sibagui."

"Siku moja? Safari moja? Bomba moja?"

"Nilizioshea sinki hilihili, ndipo nikaenda kuzijaza mitaani. Kreti moja, gari moja."

"Basi kosa lako lilizigusa chupa zote kwa kipimo kimoja," alisema Bi Pua polepole, akiwa kama anaongea na kitasa. "Limepandisha namba zote. Lakini za Mtaa wa Chini hata zikipandishwa zimebaki ndani ya kikomo, na za Juu zimeruka mara mbili. Sabuni yako, kaka, haijui njia ya kupanda kilima." Akafungua tena kisanduku. "Nipe chupa mpya nne. Na usiziguse."

Nyumba ya mwisho ya Mtaa wa Juu ilikuwa ya mama mmoja dobi, na bomba lake ndilo lilikuwa bomba la mwisho la mtandao mzima. Uani kulikuwa na kamba sita za nguo na karai nane. Dobi hakungoja kuulizwa.

"Ninyi ndio wa maji? Karibuni, hata kama mmechelewa miezi minane! Njoo uone shati hili. Lilikuwa la bluu. Mwenyewe ni mwalimu, ameniambia, mama, nimekuletea shati, umenirudishia ramani."

Kweli, shati la bluu lilikuwa na visiwa vyeupe mgongoni.

"Harufu iko siku nzima?" Bi Pua aliuliza.

"Aa, ina ratiba kuliko gari la serikali. Alfajiri hakuna kitu, maji hayana harufu hata ukiingiza kichwa. Ikifika saa tatu inaanza, pua inawasha, unadhani uko wodini. Jioni inatulia. Ndiyo maana nguo za rangi siku hizi nazifua usingizini."

Ilikuwa saa nne kasoro. Bi Pua alifungua bomba, akaacha maji yatiririke, akanusa. Akapiga chafya tatu, na ya tatu iliangusha pini mbili kwenye kamba. Alijaza chupa mbili za maabara taratibu, vumbi jeupe likiwa mahali pake, kisha akatumbukiza kidonge kwenye kijichupa. Maji yaligeuka pinki iliyokolea kama wino.

Akailinganisha na kadi yake mara mbili.

"Vipi?" aliuliza Dobi. "Nitakufa?"

"Siyo wiki hii. Hebu niambie wewe, maana una akili. Ukitia sukari kwenye birika kule mtamboni, ukaimimina njia nzima mpaka hapa, na njiani kuna watoto wanailamba, ikifika kwako itakuwa imezidi au imepungua?"

"Itapungua. Sukari hulambwa, haizaliwi."

"Mtamboni niliikuta pinki ya wastani. Hapa kwako, mwisho wa dunia, imekolea maradufu."

Dobi alitua karai. "Basi kuna mtu kaongeza sukari njiani."

"Kila siku, kabla ya saa tatu," alisema Bi Pua. Na kati ya mtambo na bomba la mwisho palikuwa na mlango mmoja tu ambao mtu angeweza kutia kitu ndani ya maji.

Tangi la kilimani lilikuwa kubwa kupita kiasi. Lilijengwa kwa ajili ya kiwanda cha sabuni kilichokuwa kikinywa maji kama ngamia, na kiwanda kilikuwa kimehama. Sasa lilisimama pale kama suruali ya baba iliyovalishwa mtoto. Kwenye mlango wa chuma ulipigiliwa waraka uliopigwa na jua: TANGI LIWE LIMEJAA WAKATI WOTE. Chini yake sahihi ya Meneja na tarehe, miezi minane iliyopita.

Mlinzi wa tangi, aliyeitwa Mama Tangi, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyopauka. Bi Pua alivitazama vile vidole, akautazama ule urefu, akalitazama neno alilolipigia mstari mara mbili kwenye kijitabu. Neno lenyewe lilikuwa "ndugu?"

"Habari za hapa, dada."

"Nzuri. Unatafuta nini?"

"Kikombe cha kutilia dawa," alisema Bi Pua.

Mama Tangi hakushtuka. Kikombe kilikuwa kwenye msumari, kikombe cha bati, kamba yake imeliwa na dawa mpaka imebaki nyuzi tatu. Pembeni yake lilikuwa pipa la dawa ya kusuuzia tangi, limekaribia kwisha.

"Nakitia kwenye chemba ndogo, hapo maji yanapotokea," alisema. "Saa mbili na nusu kila asubuhi, kikombe kimoja kimejaa. Maji hayohayo nayanywa na mimi. Sijamficha mtu."

"Kaka yako anajua?"

"Alinikataza mwezi wa pili. Nikamwambia sawa. Nikaendelea."

"Kwa nini?"

Mama Tangi alimwonyesha ndoo iliyokuwa kivulini. "Hayo nimeyachota alfajiri kwenye tangi kubwa, kabla ya kikombe. Namwagilia mche wangu, maana yenye dawa yanaunguza majani. Wewe si una kipimo? Pima."

Bi Pua alipima. Akatikisa kijichupa, akangoja, akatikisa tena. Maji yalibaki meupe kabisa. Hakukuwa na klorini hata ya kumtisha mbu.

Akaenda kwenye bomba linaloingiza maji kutoka mtamboni, akapima: pinki iliyofifia, lakini ipo. Akaketi kwenye ngazi, akapiga hesabu ya kimo na matumizi kwa kidole juu ya paja. Maji yaliingia na dawa ya kutosha, kisha yakalala humo ndani siku sita. Siku sita klorini na utomvu wa majani kitanda kimoja! Dawa ikaisha kabisa, na kile kizazi chenye jina refu kikabaki kimejaa tele. Halafu kila asubuhi kikombe cha bati kikaja kuanzisha upya harusi ileile.

"Nilianza kiwanda kilipohama," alisema Mama Tangi. "Harufu ya dawa ilipotea. Wote walifurahi, maji matamu, maji matamu. Mimi sikulala. Kabla ya tangi hili tulikuwa tunachota kijitoni. Kipindupindu kilipopita nilikuwa na watoto wawili. Jumatatu wanaruka kamba, Jumatano ninakunja nguo zisizo na wenyewe. Kwa hiyo maji yasiyonuka dawa mimi siyaamini, na simwamini anayeyasifu. Nimekosa?"

"Umekosa kipimo. Hofu hujakosea," alisema Bi Pua. "Kipindupindu hakina subira, kinachukua kwa siku mbili. Huyu mwingine ana subira mbaya. Mtu akinywa mengi miaka na miaka, wataalamu wanaona saratani ya kibofu inaongezeka, na kwa wajawazito bado wanachunguza, hawajamaliza kubishana."

"Kwa hiyo niache dawa?"

"Thubutu! Ukiwaacha watu wanywe maji meupe haya nitakufunga mimi mwenyewe. Dawa ibaki. Kinachotakiwa ni maji yasilale." Akabandua ule waraka mlangoni, taratibu, asiipasue sahihi. "Saa kumi kaka yako anafukuzwa kazi, halafu anachukuliwa. Mimi sikuvuti mkono. Lakini ripoti yangu itasema kikombe, na itasema nilikiona wapi."

Mama Tangi aliangalia msumari.

Saa kumi kasoro dakika tano Bi Pua alipanga vijichupa vitatu kwenye meza ya Meneja: pinki ya wastani, nyeupe, na ile iliyokolea kama wino. Fundi alisimama ukutani, kofia mkononi. Kalamu ilikuwa imeshaondolewa kifuniko.

"Mtambo hauna kosa," alisema Bi Pua. "Dawa iliongezwa kwenye tangi, kila siku saa mbili na nusu asubuhi."

"Na nani?" aliuliza Meneja.

"Na mimi," alisema Fundi. "Ni mimi, bosi. Saini."

Bi Pua alimgeukia kwa hamu, kama mtu aliyeletewa sampuli mpya. "Wewe? Leo saa mbili na nusu ulikuwa unanifutia kiti. Jana saa hiyo uliandika kipimo kwenye daftari, na juzi, na mwaka mzima. Kilimani ni mwendo wa nusu saa. Ulipanda kwa mabawa?"

Fundi alifungua mdomo. Mlango ulitangulia kufunguka. Mama Tangi aliingia na vumbi lake la kilima, akasogea mpaka mezani, akakitua kikombe cha bati juu ya barua. Kiliacha duara jeupe juu ya jina la kaka yake.

"Ulishanisitiri vya kutosha, kaka," alisema. "Andika la kwangu, Meneja."

"Nitaandika!" Meneja alipata nguvu. "Polisi wapo njiani, hawarudi mikono mitupu! Jina lako na jina la mkaguzi kama shahidi..."

"Ripoti imeshaandikwa," alisema Bi Pua. "Na majina yote yamo, kwa mpangilio wa tarehe. Kikombe kimeanza baada ya harufu kupotea. Harufu ilipotea baada ya maji kuanza kulala siku sita. Maji yalianza kulala..." akaukunjua ule waraka, akaulaza kando ya kikombe, "...tarehe hii. Kiwanda kimehama, tangi likaamriwa lijae vilevile. Kwa nini?"

Meneja alitazama sahihi yake kama mtu aliyekutana na mdai wa zamani barabarani. "Wakubwa wakija ziara," alisema hatimaye, "wanapenda kuliona limejaa."

"Basi jina la kwanza ni lako."

Saa ya ukutani ilipiga saa kumi. Hakuna aliyeihesabu. Meneja aliinua kikombe kwa vidole viwili, akaichukua barua, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Niandike nini?"

"Tangi lishushwe hadi robo leo hii, yale ya zamani yamwagwe, na lisipande tena bila Fundi kusema. Chupa nilizojaza leo zinakwenda maabara, na nyingine zitafuata wiki ijayo. Watu wa Mtaa wa Juu waambiwe ukweli, na waambiwe pia wasikimbilie kijitoni."

Meneja aliandika, mstari kwa mstari, akasaini, akawapigia simu askari wasije. Kalamu ilikwaruza kuliko kawaida. Bi Pua akatoa paketi ya vidonge kwenye kisanduku na kijichupa kimoja safi, akampa Mama Tangi, kisha akakitia kikombe cha bati mfukoni mwake.

"Hiki ni ushahidi, hukioni tena. Utaitwa kwenye kikao, na utajibu. Lakini mpaka hapo, kila asubuhi unapima. Ukiona nyeupe usitie kitu, unapiga simu kwa kaka yako."

"Na asipopokea? Yuko kwenye pampu zake."

"Unampigia Meneja."

"Na yeye asipopokea?"

Wote watatu walimtazama Meneja.

"Nitapokea," alisema Meneja.

"Vizuri," alisema Bi Pua, akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sasa ile chai. Na hizo kreti zako ziache zilale. Kanitekee maji ya bomba."